Seti ya kutengeneza reli za modeli kwa mkono, uzoefu wangu hapa Nakuru

Kwanza niseme kwa nini sikununua tu reli zilizokwisha tengenezwa. Zile za kawaida zina upana wa milimita 16.5, na kwa skeli ya 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi, ukizidisha unapata milimita 1435, yaani hiyo ni SGR kabisa. Mimi nataka laini yetu ya zamani inayopita hapa Nakuru, ile iliyofika Kisumu 1901, na hiyo upana wake ni mita moja, so kwa skeli hiyo hiyo inakuja kama milimita 11.5 na watu wa modeli wanatumia 12. Ndo nikaagiza seti ya wanaoanza kutoka Uingereza, iko na vipande vya reli, slipa (vile vipande vinavyolala chini ya reli) za bodi ya shaba, flaksi (dawa ya kufanya solda ishike) na geji za milimita 12.

Geji ndo pesa yangu ilienda vizuri. Ni kigurudumu kidogo cha chuma chenye mifereji miwili, unakiweka juu na reli zote mbili zinaingia humo, zinasimama wima na upana hauchezi, wewe kazi yako ni kusolda tu. Nimezipima na vanie, kile kipimo cha vitu vidogo, na ziko sawa kabisa. Kama pesa ni kidogo nunua hizo na reli pekee.

Manake slipa unaweza kutoa hapa hapa tauni. Bodi ya shaba ile wanafunzi wa elektroniki wanatumia kwa projekti zao, ile ya unene wa milimita 1.6, unaikata na hakso vipande vya upana wa milimita 3 na huna habari ya ushuru. Chukua ya faiba yenye shaba upande mmoja, usichukue ile ya kahawia, shaba yake inabanduka haraka ukiichoma. Na vaa maski, lowesha bodi unapokata, vumbi ya faiba si nzuri kwa kifua. Alafu slipa nyingi za laini yetu ni za chuma, so ukipaka rangi ya kutu zinakaa poa sana, kushinda hata za mbao.

Kusolda kwenyewe nimekupenda sana. Unasugua shaba na msasa laini mpaka ing'ae, unapaka flaksi kidogo, unagusisha ncha ya moto upande wa nje wa reli na solda inajivuta yenyewe inaingia chini ya reli kama chai kwenye mandazi. Tumia solda ya 60/40, ile ya bati na madini ya risasi, inayeyuka kwa nyuzi 190 hivi, isiyo na risasi inataka moto zaidi na kwa anayeanza ni taabu, ila fungua dirisha na unawe mikono. Usisolde slipa zikifuatana, ruka ruka, reli ipate kupoa isije ikajipinda. Ukimaliza osha flaksi yote na maji manake ile ya asidi inakula chuma pole pole, na kata mstari mwembamba katikati ya shaba ya kila slipa ndio umeme usivuke upande wa pili, hakikisha na multimita kabla hujaweka injini.

Pointi, pale njia moja inagawanyika kuwa mbili, ndo hii seti imeniangusha. Maelezo ya ile V, pale reli mbili za ndani zinakutana, ni nusu ukurasa tu, na hapo ndo kazi yote iko! Unachonga reli mbili na tupa mpaka zikutane kwa pembe, mfano 1 kwa 6, unazisolda ziwe ncha moja, alafu kando unaweka reli za kulinda zenye nafasi ndogo ya kama milimita 1, ikizidi gurudumu linagonga ncha ya V ama linadondoka kwa shimo. Michoro nilitoa kwa Templot, ni programu ya bure ya kuchora reli za modeli na ni nzuri ajabu, lakini ukiprinti kwa saiba mwambie jamaa iwe asilimia 100, asiruhusu kompyuta ipunguze itoshee karatasi, na upime na rula kabla hujalipa.

Nyota 4 kwa 5. Kitu nitaongeza sasa ni geji ya miguu mitatu, ile inapanua reli kidogo kwenye kona, manake Garratt yangu, ile injini ndefu ya mvuke, ina magurudumu mengi na kona zetu za kupanda Mau si za mchezo.