Peluzi juu ya jiwe la volkano: tathmini ya kazi ya kitalu kimoja cha Goma

Mtu anayetaka majani mbele ya nyumba yake hapa Goma hununua udongo kwanza. Majani huja baadaye, na kwa bei ndogo zaidi. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu ndicho kipimo nilichotumia kuipima kazi ya kikundi cha vijana watano wenye kitalu cha maua kando ya barabara, ambao Septemba iliyopita walianza kututengenezea peluzi, yaani uwanja wa majani, ya mita za mraba 80 katika parseli (kiwanja) yetu ya mtaa wa Himbi. Ninaandika mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi. Mwezi wa Novemba kila peluzi ya mji huu hupendeza, hata ile iliyopandwa ovyo, kwa hiyo sikutaka kutoa maoni yangu kabla jua halijaipima kazi hiyo.

Mji wetu uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na unapata mvua ya kutosha kwa miezi mingi ya mwaka, lakini hakuna mto unaopita ndani yake. Sababu iko chini ya miguu yetu. Tumejenga juu ya lava, na lava imejaa nyufa, hivyo maji ya mvua hayatembei juu ya ardhi bali hudidimia. Ile lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyoshuka kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo ikapita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, bado ni jiwe jeusi mahali pengi. Miaka yote hii haijatosha kuigeuza udongo. Mtaa wetu unakaa juu ya lava ya zamani zaidi, yenye udongo mwembamba katika mabonde madogo ya mwamba, na udongo huo humdanganya mtu, kwa maana jembe linaingia vizuri mahali pamoja, na hatua mbili mbele linatoa cheche.

Nilikwisha kudanganywa hivyo. Miaka mitatu iliyopita fundi mmoja, ambaye si wa kikundi hiki, alitandaza udongo wa kina cha vidole vinne juu ya mwamba, akapanda majani ya kikuyu, akalipwa, akaenda. Wakati wa mvua tulikuwa na zulia la kijani ambalo majirani walilisifu. Mwezi wa Julai jiwe jeusi lilishika joto la mchana kutwa, mizizi haikuwa na mahali pa kukimbilia, na kufikia Agosti tulikuwa tukifagia majani makavu kama makapi. Ndiyo maana safari hii niliwauliza wote waliokuja kuona parseli swali moja tu, yaani wangefanya nini chini ya majani. Wawili walinionyesha picha za maua kwenye simu. Kiongozi wa vijana hawa aliniomba bidoni (dumu) ya maji.

Aliimwaga polepole mahali patatu. Karibu na baraza maji yalitanda, yakakaa kidogo, kisha yakanywewa. Karibu na geti yalifanya vivyo hivyo. Lakini pembeni mwa mpera yalizama mara moja, tukasikia mlio kama wa koo linalomeza, na jiwe likabaki limelowa tu. Akapiga magoti, akaingiza kijiti katika ufa mpaka mkono wake ukafika kiwiko, akaweka alama ya msalaba kwa kipande cha mkaa. "Mama," aliniambia, "tukipanda hivi hivi, majani yatakunywa kwa kijiko na jiwe litakunywa kwa ndoo." Hakuzungumzia bei siku hiyo. Alirudi baada ya siku mbili na karatasi yenye vipimo, na kwangu hapo alikuwa ameshapata kazi.

Siku sita za kwanza hazikuwa na jani hata moja. Walivunja vichwa vya mwamba vilivyojitokeza kwa nyundo na mtalimbo, kisha wakaziba nyufa kwa utaratibu ambao sikuwa nimewahi kuuona ukifuatwa kwa uangalifu kiasi hicho: mawe makubwa yaliyogongwa yakabana, juu yake mawe ya ukubwa wa ngumi, halafu kokoto, halafu ule mchanga mweusi wa volkano, na kila tabaka lilimwagiwa maji ili lishuke kabla ya tabaka linalofuata. Shabaha yao haikuwa kuyazuia maji yasipite, kwa kuwa peluzi isiyopitisha maji huoza. Walitaka maji yapite na udongo ubaki. Mawe ya ziada hayakutupwa. Masoni wao aliyapanga kuwa ukingo wa chini kuzunguka peluzi yote, bila saruji, na ukingo huo umenyooka hadi leo.

Kisha udongo. Walikadiria kina cha sentimita 20, ambacho kwa mita za mraba 80 ni meta 16 za ujazo, wakaongeza nne kwa kuwa udongo uliochimbuliwa hupungua ukishatulia. Zilikuwa safari nne za lori la meta tano. Niliuliza unatoka wapi, na ninamshauri kila mtu aulize, kwa sababu mji huu una tabia ya kujipamba kwa kuchuna mashamba ya watu, na udongo wa juu wa shamba ukishaondoka mkulima hapati mwingine. Waliniambia kuwa ulitoka upande wa mji mdogo wa Sake, katika mashimo ya misingi ya nyumba zinazojengwa. Udongo wa namna hiyo hauna rutuba, kwa hiyo waliuchanganya na samadi ya ng'ombe, wakauacha umelala wiki tatu hadi joto lake likaisha, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Jumla ya gharama ilikuwa dola 620: udongo na usafiri wake 340, kazi 180, miche na samadi 100. Atakayeona bei hiyo ni kubwa aangalie zaidi ya nusu yake ilikokwenda.

Kuhusu aina ya majani, tulibishana kidogo. Mimi nilitaka kikuyu tena, kwa kuwa ni majani ya milima yetu, yanatambaa haraka na kuziba mahali patupu ndani ya wiki chache. Wao walishauri pasipalumu. Jani lake ni gumu na pana zaidi, halina ule ulaini wa kikuyu chini ya unyayo, na linatambaa taratibu hata mtu akakata tamaa. Lakini mizizi yake inakwenda chini sana, na likikosa maji halifi upesi, linalala. Nilikubali kwa shingo upande. Walipanda vipandikizi kwa mkono, mistari iliyovutwa kwa kamba, sentimita 15 kati ya kimoja na kingine, ambayo ni zaidi ya vipandikizi 3,500 katika eneo letu. Vijana wawili waliifanya kazi hiyo kwa siku nne, wamechuchumaa juu ya ubao ili wasiukanyage udongo. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, mvua zimeshika, na hatukumwagilia hata mara moja.

Sasa nije kwenye kasoro, maana zipo. Katikati ya Desemba, baada ya mvua kubwa ya usiku, nilikuta shimo la ukubwa wa beseni upande wa kushoto, mbali na mpera. Majani yalikuwa yananing'inia ukingoni kwa mizizi yao, na chini palikuwa na giza. Ule ufa walikuwa hawakuuona. Bidoni moja haiwezi kuonyesha kila kitu, na nadhani walipaswa kumwaga maji katika kila mita mbili, wala si mahali patatu. Nilipiga simu asubuhi, wakaja mchana wa siku hiyo hiyo, bila kunidai chochote. Walitoa udongo wote hadi kwenye mwamba, wakapigilia jiwe moja refu ndani ya ufa kama kizibo, wakapanga tena matabaka, wakarudisha majani yale yale. Leo siwezi kumwonyesha mtu mahali penyewe. Kosa lililotengenezwa namna hiyo limenipa imani zaidi kuliko kama lisingetokea.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na sijaisamehe kabisa. Lori la nne lilimwagwa nikiwa kazini. Niliporudi niliona udongo wake ni mweusi kuliko wa mengine, laini, wenye harufu nzuri, na kwa ujinga nilifurahi. Mwezi wa Novemba, katika robo ile ya peluzi peke yake, ikaota ndago. Ndago haiishi ndani ya shimo la msingi, inaishi shambani. Kwa hiyo udongo ule ulikuwa umechotwa juu ya shamba la mtu, kinyume na tulivyoelewana, na ulikuja na adhabu yake. Ukiing'oa ndago kwa kuvuta, jani linakubali na vile vitunguu vyake vyeusi, vidogo kama punje za maharage, vinabaki chini vimeungana kwa nyuzi, na kila kimoja kinatoa chipukizi jipya. Dawa yake ni kuchimba kwa ncha ya kisu, shina moja baada ya jingine, baada ya mvua udongo ukiwa umelegea. Kiongozi wao alikiri kwamba dereva alikuwa amekosa udongo wa misingi akajaza mahali pengine, naye hakuukataa kwa kuwa siku ilikuwa imekwisha. Waliahidi kuja mara tatu kupalilia. Walikuja mara mbili. Ya tatu niliifanya mimi na wanangu, na bado tunaendelea kila Jumamosi.

Maji ndiyo jambo ambalo mwenye peluzi wa Goma hana budi kulitafakari kwa uaminifu. Katika kiangazi, majani yakitaka kubaki kijani kabisa yanahitaji kama milimita 20 kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, basi kwa peluzi yetu ni lita 1,600, yaani bidoni 80 kila wiki. Watoto wa mji huu wanapanda kutoka ziwani na bidoni ya lita 20 mgongoni ili nyumba ipike na kuoga. Mimi siwezi kuchukua bidoni 80 nikazimwaga juu ya majani, hata kama ningekuwa na uwezo wa kuzilipia, na naona si haki. Tena maji ya Kivu yana chumvichumvi kama ya magadi, pH yake inakaribia 9, na yakimwagwa mahali pamoja muda mrefu huacha utando mweupe wa chumvi juu ya udongo.

Hapa ndipo ushauri wa vijana hawa ulipozaa matunda. Tuna tangi la lita 5,000 linalopokea maji ya paa. Hayo tumeyaweka kwa ajili ya miche ya uzio na hibiskasi, na peluzi tumeiacha ilale. Tangu mwishoni mwa Juni ncha za majani zimekuwa na rangi ya chai, na katikati bado kuna ukijani uliofifia. Jana nilishika shina moja nikalivuta kwa nguvu, halikutoka. Lile la kikuyu, wakati kama huu, lilikuwa likitoka mkononi kama nywele.

Ukataji hauna mengi. Walinionya nisishushe majani chini ya sentimita saba na nisiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja; kwa kupekupe (panga) iliyonolewa hilo linawezekana, ingawa mashine inakata sawasawa zaidi. Uzio wa bogenvilia walioupanda kando ya ukuta umeshika vizuri. Hibiskasi zilipata madoa ya kuungua kwenye majani baada ya mvua za kwanza zilizopita ndani ya moshi wa volkano, kwa kuwa moshi huo huipa mvua asidi, lakini hilo haliwahusu wao.

Kwa mwenye parseli yenye mwamba, ninawapendekeza vijana hawa bila wasiwasi, kwa masharti mawili: mtihani wa maji ufanywe parseli nzima mbele ya macho yako, na makubaliano ya udongo yaandikwe, pamoja na haki ya kulirudisha lori. Kwa mwenye bahati ya udongo wa kina, huduma yao itakuwa kubwa kuliko anachohitaji, na anaweza kununua vipandikizi tu kitaluni kwao akapanda mwenyewe mvua za Septemba zikianza.

Sisi tumeshawaita kwa upande wa nyuma, mita za mraba 35, na kiongozi wao amekuja wiki hii kupima. Safari hii alileta bidoni zake mwenyewe, sita, akamwaga maji ukuta hadi ukuta, na misalaba ya mkaa juu ya mwamba nimeihesabu: ni tisa. Malori yatakuja mwezi wa Septemba, na siku hizo nimekwisha kuomba ruhusa kazini.