Boksi la Motörhead nililomnunulia Fast Eddie

Tarehe 10 Januari 2018, Fast Eddie Clarke, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Uingereza Motörhead, alipofariki kwa nimonia akiwa na miaka 67, nilikesha nikisoma rambirambi za mashabiki wenzangu. Nikaudhika. Kila nikifungua, picha ya Lemmy, mwimbaji na mpiga besi! Waliojitahidi waliweka picha ya wote watatu, jina la Eddie likiwa la mwisho kama kawaida. Philthy Animal Taylor, mpiga ngoma, alikuwa ametangulia Novemba 2015, Lemmy akamfuata Desemba ya mwaka huohuo, na hao tuliwalilia mpaka tukakauka. Eddie, aliyebaki peke yake kati ya wale watatu, tukamlilia kama mtu wa kufungia orodha tu.

Kwa hiyo boksi la diski nne la "No Sleep 'til Hammersmith", albamu yao ya jukwaani, lilipotoka 2021, albamu ikitimiza miaka 40, nilijiambia hili nanunua kwa ajili ya gitaa. Besi itasubiri.

Diski ya kwanza ni albamu yenyewe ya 1981, ile iliyopanda hadi namba 1 Uingereza, sauti ikiwa imesafishwa upya. Zilizobaki ni maonyesho matatu kamili ya Machi mwaka huo, moja la Leeds na mawili ya Newcastle, ambako karibu albamu nzima ilirekodiwa. Hammersmith yenyewe, kule London, hakuna hata wimbo mmoja. Jina limetudanganya miaka yote hii na sijaona shabiki aliyedai chake.

Sasa, kumsikia Eddie ndani ya Motörhead ni kazi. Lemmy alianzia kwenye gitaa la kusindikiza, akaja kuipiga besi vilevile, anakwangua nyuzi kadhaa kwa pamoja kupitia amplifaya za Marshall zilizofunguliwa kisawasawa. Ile nafasi ya katikati, ambayo bendi nyingine humwachia mpiga gitaa, hapa ina mwenyewe tayari. Eddie ilibidi atafute pa kupenya. Mashabiki wengi humsifu kwa kasi, labda kwa sababu ya jina (Fast ni "mwenye kasi"), lakini mimi nasikia mtu wa bluzi aliyejikuta kwenye gari lisilo na breki na akaamua kutoshuka.

Isikilizeni "Metropolis". Mwendo unapungua, ngoma zinaacha kukimbizana, na gitaa linashika noti moja, linaivuta juu taratibu, linaiacha ining'inie hadi unadhani itakatika. Nimeirudia usiku wa Leeds, kisha Newcastle, kisha Newcastle tena, spika za masikioni zikinibana, bila kuangalia saa. Hapo ndipo msiba uliponifika, miaka mitatu baada ya habari yenyewe.

"Overkill" nayo ina kesi yake. Wimbo ule hujifanya umekwisha, kisha Philthy anaanza upya na kanyagio zake mbili za ngoma kubwa, halafu unajifanya tena. Siku ya kwanza niliupiga kwa spika za sebuleni. Jirani aligonga ukuta. Wimbo ukasimama, naye akasimama. Ukaanza tena. Akagonga. Ukasimama. Ulipoanza mara ya tatu hakugonga, nadhani alitoka nje.

Kasoro zipo. Orodha ya nyimbo haibadiliki sana kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na anayetaka kitu kipya kila diski atachoka akiwa kwenye ya tatu. Anayeanza tu kuijua bendi hii asijitese: albamu ya awali, nyimbo 11 ndani ya dakika 40 hivi, inamtosha kabisa. Pia ukipiga kwa sauti ya chini, gitaa linamezwa. Hili ni boksi la sauti kubwa au uache.

Kuna jambo nililolijua siku nyingi ila sikuwahi kulisikia mpaka nilipokaa na mikanda hii. Albamu ilitoka Juni 1981. Mei 1982 Eddie alishaondoka, ziara ikiwa katikati Marekani, baada ya kugombana juu ya rekodi ambayo Lemmy alikuwa anafanya na Wendy O. Williams, mwimbaji wa Plasmatics. Hata mwaka haukutimia tangu washike namba 1. Baadaye alianzisha Fastway pamoja na Pete Way, mpiga besi wa UFO, na ilikuwa bendi nzuri, lakini si hii. Ukisikiliza Leeds husikii dalili ya ufa. Unasikia watu watatu wanaosukumana kuelekea mlango mmoja, wakicheka.

Boksi hili nalipa nyota 4. Ya tano ningeitoa kama mtu angemwongezea Eddie sauti kidogo tu. Januari ikifika naanza na Newcastle, usiku wa pili, na jirani nimeshampa taarifa.