Mwalimu mzoefu wa Kituruki: wa kwanza niliyemsikia akinisema ni yeye mwenyewe

Nawaambia mapema, naandika hii hasira haijaisha, kwa hiyo mkiona huko chini nimegeuza maneno msinishangae.

Nauza nguo Kariakoo. Mzigo nautoa Istanbul, zaidi Laleli, mara mojamoja Merter. Kwa muda mrefu nilikuwa natembea na kijana wa nyumbani anayeishi kule, ananizungusha madukani na kunitafsiria. Kijana ana heshima, mpaka mabegi ananibebea. Ila kuna siku niliuliza bei ya magauni, wakaanza kusemezana na mwenye duka, wakacheka, wakashikana mabega, dakika tatu nzima. Halafu kijana akanigeukia: "Mama, anasema dola kumi na mbili." Dakika tatu zote ni dola kumi na mbili tu? Nikajua hapo kuna cha juu. Sikusema neno. Nikarudi Dar, nikatafuta mwalimu.

Niliyempata mtandaoni alikuja na sifa zake: zaidi ya miaka ishirini anafundisha wageni, na ada ya kukufanya umeze mate. Vipindi kumi, unalipa kwa mkupuo. Nikalipa.

Na haki yake nimpe, anafundisha. Watu walinitisha kwamba Kituruki kina maneno marefu kama treni. Yeye kipindi cha kwanza akaandika görmek, kuona. Chini yake görüşmek, kuonana. Halafu akaandika lile treni lenyewe, görüşemeyeceğiz, akaniuliza naona nini. Nikaliangalia weee, mwisho nikamwandikia: hatutaweza kuonana. Kila kibehewa kina mwenzake kwetu! Tofauti ni upakiaji tu, sisi tunapakia mbele na nyuma, wao nyuma peke yake. Siku nyingine akanieleza kwa nini ev ikiwa nyingi inakuwa evler, lakini kitap inakuwa kitaplar, kwamba irabu zinafuatana. Nikamwambia mbona hata sisi tunasema pikia lakini somea, nani amewahi kusikia "somia"? Akaomba nirudie polepole, akaandika kwenye daftari lake. Mwalimu wa miaka ishirini anaandika maneno ya muuza nguo! Siku hiyo nililala nimevimba kichwa.

Hata kwenye saa tulielewana. Istanbul na Dar saa zinalingana, lakini yeye anasema saat sekiz, yaani nane, mimi naita saa mbili usiku. Hakunicheka. Akaniambia mababu zao nao walihesabu saa kuanzia jua linapozama, mpaka serikali ilipowabadilishia mwaka 1926.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikereketa tangu mwanzo. Kila kipindi anafungua na "Merhaba!" Kwao ni salamu ya kawaida. Kwangu masikioni ni mtu anaitikia shikamoo ambayo sijamwamkia. Umri wake ni wa baba zangu wadogo, basi nikawa namwachia.

Sasa tuje kwenye -mış.

Jambo usiloliona kwa macho yako, umesimuliwa au umelikuta limeshatokea, Mturuki analibandika -mış. Geldi, alikuja, nilimwona. Gelmiş, kumbe alikuja, au nasikia alikuja. Alihangaika nayo nusu saa kwa Kiingereza, akachora, akaleta mfano wa mtu anayeamka akakuta barabara imelowa. Mimi nilishaelewa zamani. Nikamwambia, hocam, yaani mwalimu wangu, usijisumbue, sisi tuna kumbe, na tuna eti. Mtu akikupigia haji kazini anaumwa, na wewe jana umemwona harusini anacheza, unasemaje? Eti anaumwa. Hastaymış. Akapiga meza kwa furaha.

Angejua, hicho kipindi angekiruka.

Kipindi kilichofuata alinipa zoezi, nikainama naandika. Simu yake ikaita. Akapokea, na hilo lenyewe ni kosa, maana dakika zile nimezinunua mimi. Na kipaza sauti hakukizima. Akasema "Efendim abi", wakasalimiana, halafu nikasikia hivi: "Yok abi, dersteyim. Tanzanyalıymış. Tüccarmış. Hiçbir şey anlamıyor, rahat ol." Na kicheko.

Kalamu ikanisimama. Hapana kaka, niko darasani. Eti Mtanzania. Eti mfanyabiashara. Haelewi chochote, wewe jiachie tu.

Eti! Mtu ananiona nimekaa ndani ya fremu yangu, nyuma yangu maboksi yamefika darini, leseni iko ukutani, halafu eti mfanyabiashara? Hilo la kwamba sielewi chochote ningelimeza, wanafunzi tunasemwa. Lakini zile herufi tatu zilinichoma kuliko tusi. Angesema tüccar tu, bila mkia, leo msingekuwa mnasoma hapa.

Nikamsubiri akate simu. Nikamwambia, "Anlıyorum hocam. Tüccarım." Naelewa, mwalimu, mimi ni mfanyabiashara. Bila -mış.

Uso ukawa nyanya. Akaanza: unajua, pale sikumaanisha vile, ni namna yetu ya kuongea, na huyo ni rafiki tu. Nikamwacha aeleze. Na hapo ndipo alipoharibu kabisa, kwa sababu katikati ya kujitetea alisimama, akaniambia ile ı ya anlıyorum sijaitamka vizuri, niirudishe nyuma ya kinywa. Anajitetea na ananisahihisha! Nikafunga kompyuta.

Nikaomba hela ya vipindi vitatu vilivyobaki. Jibu lake: hela hairudi, vipindi vinakusubiri. Pole hata moja hakuna. Kwa hiyo kama ningeandika wiki ile, ningewaambia mkimbieni, miaka ishirini ya kazi haijamfundisha kufunga mdomo.

Tatizo nimechelewa kuandika, na katikati nilisafiri.

Laleli, safari hii peke yangu. Nimeingia duka moja la jumla, nimepapasa kitambaa, nimeuliza bei ya seri, maana pale hawakuuzii gauni moja, unachukua pakiti ya saizi zote. Mwenye duka akamgeukia kijana wake, wala hakupunguza sauti: "Yabancı, on beş de." Mgeni huyu, mwambie kumi na tano.

Nikamwahi: "On iki de, abi." Mwambie kumi na mbili.

Alicheka mpaka akaweka gilasi ya chai chini. Wakaniletea na mimi ya kwangu, kiti, na sukari vijiwe viwili. Tukaachana kwenye kumi na moja kwa kila gauni, na namba yake ninayo kwenye simu. Yule kijana wa kunizungusha siku hizi ananipigia mara chache.

Na neno "de" lile, dogo vile, la kupita haraka vile, nani alinifundisha kulisikia? Ndiyo hicho kinachonikera. Ukitaka mwalimu mwenye adabu, huyu siyo. Ukitaka kusikia watu wanachosema mbele yako wakidhani wewe ni gogo, sijui nikuelekeze kwa nani mwingine. Nyota sita mpe, nyota mbili mnyang'anye za ile simu. Au tatu.

Vipindi vitatu bado ni vyangu na siwezi kumwachia hela yangu. Nimeshamwandikia: Jumanne, saat sekiz. Nitaingia kabla yake, nikae kwenye kiti changu, maboksi nyuma, nimsubiri. Akitokea tu, merhaba ninaanza mimi.