Tangawizi Inayobaki Baada ya Gesi Kuisha

Soda ya tangawizi mimi naihukumu asubuhi. Jioni kila soda ni kali: imetoka frijini, gesi inapanda mpaka puani, macho yanalenga machozi, na mtu anaapa kwamba hii ina tangawizi kweli kweli. Kumbe sehemu kubwa ya mchomo huo ni ya gesi. Ikifika mdomoni inageuka asidi nyepesi inayouma ulimi, na hata soda isiyo na chembe ya tangawizi ingeuma vilevile. Kwa hiyo kila chupa niliyofungua nilibakiza vidole viwili kwenye bilauri, nikafunika kwa kisahani, nikaonja kesho yake kabla ya chai. Gesi imekwenda, ubaridi umekwenda. Hapo ndipo unajua ulilipia nini.

Nimezaliwa katika kambi ya jeshi hapa Jinja, Uganda. Nyumbani kwetu tangawizi ilitwangwa kila alfajiri kwa ajili ya chai ya baba, na mlio wa kile kinu ndio uliotuamsha kwenda shule. Lakini aliyenituma madukani safari hii ni wifi yangu. Ana mimba ya miezi mitatu, na asubuhi hata maji hayakai tumboni. Muuguzi alimwambia ajaribu tangawizi kidogo kidogo. Akanipigia simu: "Wifi, nitafutie soda ya tangawizi, ila isiniunguze." Nikaenda, nikakuta rafu ina aina tatu, na kijana wa dukani hakuweza kuniambia ipi kali na ipi laini. Ndani ya wiki mbili nikawa nimenunua zote.

Stoney Tangawizi tunaijua sote. Ni ya kampuni ya Coca-Cola, ilianzia Afrika Kusini mwaka 1971, na kwenye lebo imebeba neno letu la Kiswahili hata katika mji huu ambako muuzaji na mteja wanaongea Kisoga au Kiganda, na mzizi wenyewe wanauita ntangawuuzi. Hilo hunifurahisha kila ninapoishika. Chupa ya nusu lita nililipa shilingi 2,000. Pigo lake ni la haraka: ncha ya ulimi kwanza, halafu pua, halafu unabeua na kifua kinafunguka. Jirani yetu, mzee mstaafu wa jeshi, alikunywa glasi nzima bila kupumua akasema, "Binti yangu, hii inaamsha mtu." Ni kweli, na ikiwa mezani kuna pilau au nyama choma yenye mafuta, sitaki soda nyingine. Asubuhi yake nilikuta sukari imetangulia na tangawizi iko nyuma yake, bado ya moto, lakini inabidi uitafute. Wifi alipiga funda mbili akairudisha. Kwake gesi ilikuwa nyingi mno.

Makopo yaliyoandikwa Ginger Ale ni ukoo mwingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakidhani ni Stoney ya kizungu. Hayatafuti kukuchoma. Canada Dry ilitengenezwa Toronto mwaka 1904 na mkemia John McLaughlin, na neno "Dry" kwenye jina halimaanishi kavu. Linamaanisha haina utamu mwingi, ukiilinganisha na zile za zamani zenye rangi ya dhahabu iliyokolea. Marekani walipopiga marufuku pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, vinywaji vya namna hii vilipendwa sana kwa sababu vilifunika ladha mbaya ya pombe ya magendo. Ukikijua kisa hicho unaelewa upole wake: ni kinywaji cha kusindikiza. Nilionja Canada Dry na Schweppes siku moja, kila kopo 5,000. Schweppes ilinipa harufu ya ndimu zaidi, Canada Dry ilikuwa tamu kidogo na nyororo. Asubuhi, katika bilauri zote mbili, nilipata maji matamu yenye kumbukumbu ya tangawizi. Lakini wifi alikunywa nusu kopo, akakaa, akangoja, na chai yake ya saa nne ikakaa tumboni. Siwezi kudharau kinywaji kilichomfanyia hivyo.

Tahadhari moja. Duka moja liliniuzia makopo mawili yaliyopitwa na tarehe miezi mitano. Geuza kopo usome chini kabla ya kulipa.

Fever-Tree ya Ginger Beer ni chupa ndogo ya kioo, mililita 200, nayo ilinigharimu 9,000. Jina lisikutishe, haina pombe ya kulewesha. Watengenezaji wake Waingereza wanachanganya tangawizi za Nigeria, Kodivaa na Cochin ya India, na chini ya chupa unaona vumbi la mzizi limetulia. Ipindue taratibu, usitikise. Hii ndiyo ilininyamazisha. Kwanza inakuja harufu, ileile inayotoka ukikwangua ganda la tangawizi mbichi kwa ukucha. Moto wenyewe hauna haraka. Unameza, unadhani yamekwisha, halafu joto linaanza nyuma ya koo na kushuka kifuani, na linakaa. Asubuhi bilauri ilikuwa bado inawasha midomo. Katika vyote vya dukani hakuna kilichoikaribia. Ila kwa bei ya chupa moja napata lita mbili za Stoney na chenji, na nyumba yenye watoto wanne haiwezi kuishi hivyo.

Bundaberg ya Australia niliipata mara moja tu, shemeji alikuja nayo kutoka Dubai. Hiyo huchachushwa kwa hamira, na ladha yake ina uzito kama wa mkate uliotoka kuumuka. Niliipenda, lakini chupa moja iliyogawanywa kwa watu watano haitoshi kutoa hukumu.

Sasa niseme kuhusu munanansi, maana baada ya kuzunguka kote huko nilirudi soko kuu la Jinja kwa mama mmoja anayeiuza kwa jagi. Anachemsha maganda ya nanasi pamoja na tangawizi ya kutwanga, majani ya chai na sukari, anachuja, anaiacha ipoe. Nilimuuliza kwa nini yake inachoma kuliko ya wenzake. "Mama, tangawizi nusu natia motoni, nusu natia nikishaipua," akaniambia. Amegundua kwa mkono wake jambo ambalo wakemia wanalieleza kwa majina marefu. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na jinjeroli. Ukichemsha, sehemu yake hugeuka zinjeroni, ambayo ni tamu na pole. Ukikausha mzizi, hugeuka shogaoli, ambayo ni kali kuliko hata ile mbichi. Nusu anayochemsha inampa harufu nzito, nusu anayotia mwishoni inampa moto. Na tangawizi yake anachagua ya wilaya ya Butambala, vidole vyembamba vyenye nyuzi, ambavyo ukivivunja vinalia.

Hata Waingereza walianzia njia hiyohiyo. Bia yao ya tangawizi ya karne ya 18 ilikuwa maji, sukari na tangawizi, vikachachushwa kwa kutumia kitu walichokiita mmea. Mwaka 1892 mtaalamu wa mimea Harry Marshall Ward akaonyesha kwamba si mmea, bali ni hamira na bakteria wanaoishi pamoja. Munanansi ikikaa siku mbili nayo inaanza kutoa vipovu vyake, bila mashine, na vipovu hivyo ni vidogo na laini, havipigani na ulimi wako.

Bilauri ya munanansi ni 1,000. Asubuhi yake tangawizi ilikuwa imepata nguvu zaidi, nanasi limerudi nyuma, na nilimaliza vile vidole viwili nikatamani ningebakiza vinne. Wifi sasa anainywa, nusu munanansi nusu maji ya kuchemshwa, bila barafu. Makopo anayaweka kwa siku mbaya.

Ukienda kwa yule mama, nenda kabla ya saa saba, kwa sababu jagi la pili huwa halina tangawizi nyingi kama la kwanza. Beba chupa yako ya plastiki, mwambie asiijaze mpaka shingoni, na ukifika nyumbani legeza kifuniko. Yangu ya kwanza niliifunga kabisa, na usiku ililipuka kabatini.