Plagi ya kioo kwenye Datsun 240Z: uzoefu wangu na kijana wangu

Kama unaendesha IST, Passo au gari lolote ambalo mafuta yake yanapimwa na kompyuta, unaweza kuishia hapa, plagi hii haitakufaa kitu. Naandika kwa wale wachache wenye gari la kabureta (kile chombo kinachochanganya petroli na hewa), na hasa la kabureta mbili, ambao wameshachoka kila fundi kuwaambia lake.

Chenyewe ni plagi kama plagi nyingine, uzi wa milimita 14, ila pale penye kaure nyeupe wameweka kioo. Unatoa plagi moja ya injini, unafunga hii, unaunganisha waya wake, unawasha gari, unachungulia. Moto unauona unawaka ndani ya silinda. Ukiwa wa njano, petroli imezidi. Ukiwa wa bluu kama wa jiko la gesi, hapo ndipo. Bluu ikipauka na kuelekea weupe, hewa imezidi. Ndani ya boksi kuna pia waya wa kuunganishia, bomba jeusi lenye kioo cha kutazamia ili usilazimike kuinamia injini, brashi ndogo, na pete za shaba mbili. Imetoka Uingereza, na mpaka inafika mkononi Arusha ilikuwa imekula kama shilingi 210,000. Kwa plagi moja! Kijana wangu alipoona risiti alinyamaza kwa heshima.

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, la kaka yangu wa Tanga. Alilinunua miaka ya tisini kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anahama, na sababu yake ilikuwa moja tu: mwaka 1973 yeye akiwa na miaka kumi, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally na gari kama hilo baada ya kulingana pointi na dereva Msweden, Harry Källström. Kaka anaisimulia habari hiyo kama aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, wakati 240Z haina kiti cha nyuma. Mwaka juzi magoti yalipomkatalia kuingia kwenye gari la chini namna ile, akampigia mpwa wake, siyo mimi: "Mjomba, njoo uchukue Datsun kabla kutu haijaimaliza." Kijana alikuwa kidato cha pili. Tulilipakia kwenye Fuso, tukapanda nalo.

Kutu sitaizungumza sana hapa. Chumvi ya Tanga imekula sakafu upande wa dereva na kale kasahani ka betri, na mwembe uliolifunika miaka sita haukusaidia, majani yalijaa kwenye mfereji wa chini ya kioo cha mbele, maji yakalala humo. Hiyo ni kazi ya mtu wa kuchomelea. Injini ndiyo tuliyosema tutaifanya wenyewe, mimi na yeye, Jumamosi mchana na Jumapili baada ya kanisa. Mimi ni mhasibu. Nilichokuwa najua kuhusu injini ni bei zake.

Silinda sita, cc 2,393, kabureta mbili za Hitachi zilizojengwa kwa mfumo wa kabureta za SU za Mwingereza: ya mbele inalisha silinda 1 hadi 3, ya nyuma 4 hadi 6. Baada ya betri mpya na kusafisha tenki, injini iliwaka, lakini ilikuwa inamisi, inatoa moshi mweusi, na uani kote petroli ilikuwa inanuka mpaka jirani akauliza kama tumeanza biashara. Fundi wa kwanza alisikiliza dakika mbili akasema ringi za pistoni zimekufa. Wa pili akasema ringi nzima, kabureta ya nyuma ndiyo imekufa, anaweza kuniletea jozi kwa milioni moja na laki nane, nusu iwe kianzio. Nikamwambia nitampigia.

Plagi ya kioo aliiona kijana, kwenye video. Nikaagiza.

Sasa wiki ya kwanza ilinikera kwelikweli. Maelekezo ni karatasi moja ya Kiingereza, herufi za sisimizi, na halisemi wazi jambo la muhimu kuliko yote: mchana huoni kitu. Tulikaa saa nzima jua likiwa juu, tunachungulia kioo tunaona giza, nikaanza kuhesabu ile laki mbili kichwani. Bomba la kutazamia ni plastiki jepesi, lilianza kulainika lilipogusa ekzosi. Na kwa kuwa injini yetu ilikuwa inalewa petroli, kioo kilikuwa kinakuwa cheusi kila baada ya dakika chache. Toa, piga brashi, rudisha, na chuma kina moto. Kidole changu cha shahada bado kina alama.

Jambo jingine, hili ni kwa kina mama wenzangu: feni ya gari hili inazungushwa na injini na haina kizuizi cha maana. Siku ya kwanza nilikuwa nimejifunga kitenge. Kijana alizima gari, akaniambia, "Mama, samahani, lakini hicho kitenge kitakuua." Nikaenda kuvaa trakisuti yake ya shule.

Mambo yalibadilika Jumapili jioni, jua limezama, taa ya uani imezimwa. Injini ilikuwa imeshapata moto kwa plagi za kawaida, tukafunga ya kioo silinda ya 2. Akainama kwenye bomba. Kimya. Halafu akacheka.

"Mama, njoo uone. Ni moto wa kibatari."

"Kibatari umekionea wapi wewe?"

"Kwa bibi, umeme ukikatika."

Kweli kilikuwa kibatari, cha njano chenye moshi, kinapepesuka humo ndani ya chuma. Sijui nilitarajia nini, lakini nilishika ukingo wa boneti nikakaa pale nakitazama kuliko ilivyohitajika. Unaendesha gari miaka ishirini, unaambiwa petroli inaungua, unaitikia tu.

Chini ya kabureta hizi kuna nati unayoizungusha kwa vidole. Ukiipandisha, petroli inapungua. Akapandisha robo mzunguko, akasubiri, akapandisha tena. Njano ikaanza kuchanganyika na bluu, na kufika robo ya sita ikawa bluu tupu, na sauti ya injini ikapanda yenyewe bila mtu kugusa mafuta. Ndipo nilipoelewa kwamba kabureta ile haikuwa na ugonjwa. Ilirekebishwa Tanga, usawa wa bahari, na sisi tuko mita 1,400 hivi juu, hewa nyepesi. Petroli iliyokuwa kipimo kule, huku imekuwa nyingi. Watu wa magari ya kabureta wanaohama kutoka pwani kuja Arusha au Mbeya, hili mlijue kabla hamjauziwa ringi.

Kabureta ya nyuma haikukubali. Plagi tukaihamishia silinda ya 5, kibatari. Nati ikapanda mpaka mwisho, kibatari bado. Nikaanza kumkumbuka fundi wa pili na jozi yake. Kijana akachukua tochi akalala chini upande wa kabureta, nikasikia anasema, "Hii imeshuka kuliko mwenzake." Kwenye kabureta hizi choki haizibi hewa. Inavuta nozeli chini ili petroli ipite nyingi wakati injini ina baridi. Ya nyuma ilikuwa imeganda chini, haikurudi, kwa hiyo kwa injini ile kulikuwa ni asubuhi ya baridi siku nzima. Akaisukuma kwa kidole. Ikalia *tik*. Mimi nilikuwa kwenye bomba, nikaona njano inageuka bluu mbele ya jicho langu, kama mtu kapunguza jiko. Nilipiga kelele mpaka jirani akawasha taa.

Mafuta kidogo ya kulainishia na kamba ya choki iliyosafishwa. Hiyo ndiyo milioni moja na laki nane.

Nilipompigia kaka kumweleza, akasema, "Aa, choki ya nyuma! Hiyo inashika toka zamani. Mimi nilikuwa naigonga na kijiti." Angesema mapema.

Tulichojifunza kwa kutumia: plagi hii isiwe hatua ya kwanza. Kabla yake tulipima nafasi ya valvu injini ikiwa moto, milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutoa, tukaweka pointi za cheche kwenye 0.5, tukahakikisha taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Vipimo vyote kijana ameviandika kwenye daftari la Fizikia, nyuma. Ukianza na kabureta wakati pointi zimeliwa, rangi itakudanganya. Pili, usikanyage mafuta kwa nguvu wala kwa muda mrefu ikiwa imefungwa, ni kioo. Mguso mfupi unatosha, nao una faida: kijana alipoushtua mkono wa mafuta, injini ilikohoa na moto ukawa mweupe, kumbe vile vikombe vya juu vya kabureta havina mafuta ya kuzuia pistoni ya kabureta isiruke. Tulipoweka, mguso uleule ulitoa mwako wa rangi ya chungwa mara moja kisha bluu, na kikohozi kikaisha.

Kitu isichoweza: haikwambii kama kabureta zote mbili zinavuta hewa sawa. Kwa hilo tulimwita mzee mmoja wa mtaa wa Unga Limited ambaye kazi hiyo anaifanya kwa kipande cha mpira sikioni, anasikiliza mvumo wa kabureta moja, kisha ya pili, anagusa skrubu. Dakika kumi. Kijana alimwamkia, akamkaribisha kwenye bomba aone moto. Mzee akakataa kistaarabu: "Mimi macho yangu yako masikioni." Ukiwa na fundi wa namna hiyo karibu, sioni sababu ya kununua plagi hii. Sisi tulikuwa hatuna masikio hayo, na mtoto wa miaka kumi na sita hawezi kuambiwa "sikiliza vizuri" akaelewa anasikiliza nini. Bluu na njano alielewa usiku uleule.

Vijana wa bodaboda wa kona yetu walikuja kuulizia. Pikipiki nyingi ndogo zina uzi mwembamba kuliko huu, kwa hiyo hapana.

Naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya lile bomba la plastiki na pete mbili za shaba, ambazo ya kwanza tulishaipoteza kwenye majani. Ukiagiza, agiza pete za ziada hapohapo, maana kuzitafuta peke yake mjini ni kazi.

Datsun sasa iko juu ya matofali, haina sakafu, inamsubiri mtu wa kuchomelea ambaye "anakuja kesho" toka mwezi uliopita. Plagi nilikuwa naihifadhi kwenye soksi, droo ya jikoni. Jirani, yule wa harufu ya petroli, kumbe ana Land Rover ya zamani kwao Monduli. Aliiazima Jumamosi, akasema ni ya siku moja. Leo ni Jumatano, na kijana ameshaniuliza mara tatu.