Kabla hujanunua robota la majani ya msonobari: lipi la kwanza, lipi la kuacha

Nianze na hili manake ndo linalowapiga wengi: robota, yaani ule mzigo uliofungwa wa majani makavu ya msonobari ya kutandaza juu ya udongo wa bustani, si kipimo. Mtu akikwambia nakuuzia marobota kumi, bado hajakwambia kitu. Kuna robota limekazwa na mashine, ukikata kamba linafumuka kama godoro, na kuna lingine limefungwa kwa mkono limejaa hewa tupu, ukimaliza kulitandaza nusu ya tuta bado iko uchi. Mimi nilishawahi kununua kwa kuhesabu marobota, bei ilikuwa nzuri nikajiona mjanja kweli, nafika nyumbani nakata kamba ya kwanza nakuta matawi ya unene wa kidole, koni (yale magumu yanayobeba mbegu za msonobari) kama saba hivi, na katikati kuna bonge limelowa, lina joto kabisa kama mboji inayochemka, linanuka ukungu. Hata muuzaji sikumrudia, nilikuwa nimeshalipa na gari limeshaondoka.

Kwa hiyo hapa sipangi kwa bei. Napanga kwa vitu viwili tu, urefu wa sindano, yaani hayo majani membamba ya msonobari, na usafi wake. Rangi ya urembo tutaiongelea mwishoni na wala haina uzito wowote.

Kwanza kwa nini mtu ahangaike na sindano za msonobari wakati majani makavu yako kila mahali? Sababu kubwa ni kwamba zinashikana. Sindano ndefu ukizitandaza zinasokotana zenyewe, mvua ikipiga hazielei kama magome au vibanzi vya mbao, yaani kama bustani yako ina mteremko hapo usibishane, chukua hizi. Halafu zina kama nta juu yake, hivyo zinaoza polepole, na bado maji yanapita katikati yanafika chini, hazigandi zikawa bamba kama nyasi mbichi zilizokatwa zikarundikwa. Na ni nyepesi, mtu mmoja anabeba robota begani bila kuita jirani.

Na ile hadithi kwamba sindano za msonobari zinajaza udongo tindikali, yaani asidi, tuimalize hapahapa. Ni kweli sindano mbichi zina asidi, lakini zikitandazwa juu zikaanza kuoza taratibu, wadudu na bakteria wa udongoni wanaishughulikia, pH ya udongo chini (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) haisogei kwa kiasi cha kukusumbua. Kwa hiyo usikatae kuziweka kwenye nyanya kwa kuogopa asidi, na pia usizinunue ukidhani zitakushushia pH kwa ajili ya mimea inayopenda udongo wa asidi, hiyo ni kazi ya salfa, upime udongo kwanza ndo uweke. Muuzaji akianza kukuuzia asidi ujue anauza maneno.

Haya, tupange.

Namba moja, sindano ndefu za Pinus palustris, ndo jina la kisayansi la aina hii ya msonobari. Huko kusini-mashariki mwa Marekani, Georgia, Florida, Carolina Kaskazini, ambako hii ni biashara kamili ya watu, kwenye kibandiko wataandika longleaf. Sindano zake zinatoka tatu tatu kwenye kifundo kimoja na zinafika sentimita 20 mpaka 45, hebu fikiria sindano ndefu kuliko mkono wako kutoka kiwiko hadi kiganja. Urefu huo ndo unaolipia, manake zinashikana vizuri zaidi kuliko zote, zinakaa na umbo, na kwa kawaida unaongezea kidogo mara moja kwa mwaka basi. Ni ghali kuliko zingine na kuna sababu: misitu ya mti huu zamani ilifunika kama ekari milioni 90 na iliyobaki leo ni sehemu ndogo sana, asilimia chache tu. Kama una maua mbele ya nyumba yanayoonekana na watu, au mteremko unaokula udongo kila mvua, lipa hiyo pesa. Kama ni kona ya nyuma ambako hata wewe huendi, usijiumize.

Namba mbili, Pinus elliottii, ile wanayoiita slash. Sindano zake zinakuja mbili mbili au tatu tatu, urefu kama sentimita 18 hadi 28, nene kidogo na zinang'aa. Kwa maoni yangu hii ndo ya kununua kwa watu wengi, tofauti yake na ya kwanza utaiona wewe uliyesoma hapa ila mgeni akija kwako hataiona. Inashuka chini mapema kidogo na rangi inafifia mapema, basi.

Kuna mchezo hapa. Kwa kuwa namba moja na namba mbili zote ni ndefu, kuna wauzaji wanachanganya halafu wanabandika jina la ile ya ghali. Kujua ni rahisi tu: chomoa kifundo kimoja kizima, kile chenye kikofia cha kahawia kwenye shina la sindano, hesabu ziko ngapi halafu pima na rula. Chomoa kama kumi kutoka sehemu tofauti za robota, siyo juu tu. Ukikuta mbili mbili nyingi, hiyo siyo palustris hata kama kibandiko kinaapa. Ukikuta tatu tatu lakini zote ziko chini ya sentimita 20, hapo umepewa ya namba nne, utaikuta hapo chini.

Namba tatu ni za bure, za kukusanya mwenyewe na reki. Najua ni mwongozo wa kununua lakini siwezi kukudanganya kwamba za dukani lazima zishinde. Kama una misonobari uani au jirani anayo na anachoma majani kila msimu, mwombe, mpelekee hata magunia. Sindano zilizodondoka zenyewe, kahawia, kavu, hazijakanyagwa na gari, ni safi kuliko marobota mengi niliyoyaona. Zimekaa chini ya mbili za kwanza kwa sababu aina ya mti hujichagulii, unachukua ulichonacho, na kukusanya kunakula siku nzima. Pia usikwangue sehemu ileile kila mwaka mpaka udongo ubaki mweupe, ule mti nao unategemea hayo majani kama chakula na blanketi. Na msitu wa mtu au wa serikali uliza kwanza.

Namba nne, za urefu wa kati. Pinus taeda iko hapa, sentimita 12 hadi 22, tatu tatu. Na Pinus patula pia naiweka hapahapa, ile yenye sindano nyembamba zinazoning'inia kama nywele, laini sana kushika, inapendeza ikiwa mpya ila kwa wembamba wake inalala haraka. Hizi si mbaya jamani, ni kwamba utarudi kuongezea mapema, pengine mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ile bei ya chini ukiipiga kwa mara mbili inaweza kukutana na ya namba mbili njiani. Kwa matuta ya mboga ambayo kila msimu unayafumua ukapanda upya, hata hivyo, sioni kwa nini ulipie sindano ndefu. Chukua hizi.

Namba tano, fupi na mchanganyiko usiojulikana. Sindano za sentimita tano sita hazishikani, zinakaa kama makapi, upepo ukija zinahama, na kwenye mteremko ni kupoteza muda. Zinafaa kuzunguka vichaka vilivyoshikana au kuchanganya kwenye mboji.

Za mwisho kabisa kwangu ni zilizopakwa rangi. Sindano zote zinafifia kuwa kijivu jua likizipiga, ndo maumbile yake, na rangi ya dukani nayo inafifia vilevile, kwa hiyo umelipia miezi michache ya wekundu. Mbaya zaidi rangi inaficha majani ya zamani yaliyoanza kuoza. Kama wekundu ndo unaoutaka, nunua sindano za kawaida karibu na msimu zinapodondoka, zikiwa bado mpya, halafu zikififia geuza tabaka la juu na reki, chini bado kuna rangi.

Sasa ukishachagua aina, kuna lile robota lenyewe. La mraba la mashine limekazwa, linapangika kwenye gari, na mengi yanalingana. Yale ya duara makubwa yana majani mengi kwa kila kamba ila hakikisha una namna ya kuyashusha. Ya kufungwa kwa mkono yanategemea mkono wenyewe. Vyovyote iwe, swali la kuuliza ni moja: robota moja linafunika mita ngapi za mraba, na kwa unene gani? Hiyo sehemu ya pili usiiache. Robota linalofunika mita 4 kwa unene wa sentimita 8 ndo hilohilo linalofunika mita 8 kwa sentimita 4, na muuzaji akitaja mita bila unene ujue amechagua ile namba kubwa. Unene unaotaka siku ya kutandaza ni kama sentimita 8 hadi 10, kwa sababu zitalala zenyewe ndani ya wiki chache. Kwa hiyo bustani ya mita 20 za mraba kwa sentimita 8 inataka mita za ujazo 1.6 za majani yaliyofumuliwa. Piga hesabu hiyo nyumbani kwanza, pale kwa muuzaji utachanganyikiwa.

Usinunue kwa kilo pia. Robota lililolowa lina uzito mzuri sana, ila uzito wenyewe ni maji.

Ukaguzi wangu sa hivi unachukua dakika mbili. Naingiza mkono katikati ya robota mpaka kwenye kifundo cha mkono: kukiwa na joto au unyevu, naliacha. Nalinyanyua upande mmoja nalidondosha: likitoa vumbi jingi jeusi ni la zamani, limeanza kuvunjika. Naangalia rangi ya ndani, siyo ya nje. Kahawia ya kutu ni sawa, nyeusi imeoza, kijani kingi manake yametoka kwenye matawi yaliyokatwa, hayakudondoka yenyewe. Halafu natafuta vitu ambavyo si sindano, yaani mbegu za magugu, vipande vya mimea mwitu inayotambaa, nyasi. Koni moja mbili hazina neno. Hiyo mimea inayotambaa ina neno, mingine inawasha ngozi hata ikiwa imekauka. Na muulize kama msitu ulipigwa dawa ya magugu, akishindwa kujibu na wewe unataka kuweka kwenye mboga, panda maharage matatu kwenye kopo lenye udongo uliochanganywa na hayo majani, weka kopo jingine lisilo nayo pembeni. Majani ya maharage yakijikunja kama ngumi kwenye lile kopo lenye sindano tu, jibu umelipata.

Jaribio hilohilo fanya kwa nguvu zaidi kama ukaamua kuachana na sindano ukanunua nyasi kavu, manake kuna dawa za magugu za malishoni zinazobaki kwenye nyasi muda mrefu na zinaua nyanya na maharage vizuri sana. Mabua ya ngano au mpunga kwa mboga ni mazuri, nayapenda, ila yanakuja na mbegu. Vibanzi vya mbao kwa njia na chini ya miti mikubwa vinashinda sindano, vinakaa zaidi, ila usivichanganye na udongo, viache juu, la sivyo vitanyang'anya mimea naitrojeni. Maganda ya kakao yananukia vizuri ila kama una mbwa sahau kabisa, ni sumu kwake.

Na karibu na ukuta wa nyumba? Hapo sindano za aina yoyote hapana. Hizi zinashika moto haraka, cheche moja tu au kichungi cha sigara kinatosha, kwa hiyo mita moja na nusu kutoka kwenye nyumba weka kokoto au acha udongo mtupu, na mahali pa kuchomea nyama palindwe hivyohivyo. Sehemu zenye moto wa nyika kuna sheria kabisa, ziulizie kabla hujalipa. Kuacha nafasi hiyo kunasaidia na mchwa pia, wanapenda unyevu uliofichwa karibu na mbao.

Ukifika nazo nyumbani usizitandaze juu ya magugu, palilia kwanza, mwagilia, ndo utandaze. Fumua kwa mikono usitupe mabonge. Kwenye shina la ua acha kama sentimita 5, mti mkubwa acha 10 au 15, ukirundika hadi kwenye gome unaliozesha. Mbegu ndogo zilizosiwa moja kwa moja zisubiri zichipue kwanza. Yanayobaki yaweke juu ya mbao au matofali, funika, yasiguse chini. Na vaa glavu, zile ncha zikiingia chini ya kucha utanikumbuka.