Nusu siku kwenye mierebi ya Kawuneeche: nenda, ila beba mabuti yako

Nyota nne. Ya tano imebaki ndani ya buti la kushoto, pamoja na maji ya mto Colorado.

Aliyelipia ni binti yangu, dola 90, baada ya kuchoka kunisikia nikilalamika kwamba Marekani ina milima lakini haina migomba. Ni matembezi ya nusu siku ya kuangalia mimea ya kando ya maji, bonde la Kawuneeche, upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain. Jina la kampuni naliweka kapuni, maana habari ya mabuti nimeshawaandikia wenyewe. Tuliambiwa saa moja kamili asubuhi, tukaondoka saa mbili kasoro robo, na mabuti ya mpira waliyotuazima yalikuwa na viraka kama tyubu ya baiskeli ya muuza maziwa. Haya, hayo yameisha.

Wenzangu watano walikuja na kamera kumtafuta muusi, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi. Dada aliyetuongoza akawaambia mapema: yeye mtamwona au hamtamwona, ila chakula chake mtakiona. Akatuingiza kichakani.

Ukiwa barabarani unaona kijani kimoja tu kinachofuata maji. Mierebi nilikuwa naijua kwa kuisoma kwenye Biblia, nikadhani ni miti mikubwa. Huku juu, kama mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, ni vichaka: fimbo nyingi zinachipuka kwenye kisiki kimoja, zinampita mtu kimo zikiachwa, zinabaki za magotini zikiliwa. Dada akainamisha tawi, akaniambia nipitishe kidole gumba. Lina unga wa buluu kama ule wa kwenye zabibu. Ukiupangusa, ganda linang'aa. Nikageuza jani: chini ni jeupe la fedha, laini kama sikio la mwanambuzi. Huo ni mwerebi wa Drummond. Hatua chache mbele kuna mwingine wenye vitawi vya manjano, na jani lake halina manyoya hayo. Katikati yake, majini kabisa, yamesimama majani ya jamii ya ndago. Viringisha shina lake vidoleni, utahisi pembe tatu. Nilikaa hapo mpaka wenzangu wakaanza kuniita.

Tulikwenda mwishoni mwa Juni, sufi ikipepea kila mahali. Mierebi ina miti dume na miti jike, na sufi hiyo ndiyo inayobeba mbegu za majike. Mbegu yenyewe haina uvumilivu: isipoangukia tope tupu lenye unyevu ndani ya siku chache, imekufa. Tope hilo zamani lilitengenezwa na biva, yule panya mkubwa wa majini anayejenga mabwawa kwa matawi. Elki, jamaa mwingine wa kulungu, na muusi wakaila mierebi mno, biva akakosa chakula na vya kujengea, mabwawa yakabomoka, maji ya ardhini yakashuka, mierebi ikazidi kudhoofu. Muusi wenyewe waliletwa jimbo hili la Colorado kwa makusudi mwaka 1978! Sasa sehemu nyingine zimezungushiwa uzio mrefu, na ndani yake watu wanapigilia magogo kijitoni kuiga kazi ya biva. Ndani ya uzio vichaka vimenipita kichwa, nje vinanifika kiunoni.

Kasoro ya pili. Juu kwenye ubavu wa milima ya Never Summer kuna mstari umechorwa kama kwa rula, na dada alipita bila kuutaja. Mimi mtoto wa Marangu, mstari kama huo nikiuona najua ni nini. Nikamuuliza, "Ule si mfongo?" Ndivyo sisi Wachagga wa Kilimanjaro tunavyouita mfereji wa maji ya mlimani. Akacheka, neno halijui, lakini ndio hasa: Grand Ditch, mfereji wa kama kilomita 23, ulioanza kuchimbwa mwaka 1890 na kumalizika 1936. Unayakinga maji ya mlima kabla hayajashuka bondeni na kuyavusha ng'ambo, kwa wakulima wa mashariki. Mwaka 2003 kingo zilipasuka, tope na mawe vikaporomoka hadi kwenye majimaji ya huku chini. Kwetu mfongo una wazee wake na zamu zake, na ukipasuka, kesho yake kila mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, yupo na jembe. Hadithi hiyo ingefaa iwe ya kwanza, siyo ya kuuliziwa.

Muusi tulimwona, matako tu, akipotelea kichakani. Wenye kamera wakaridhika.

Mbu ni wengi, beba dawa. Soksi beba jozi mbili.